Wimbo uupendao ukikosa ladha, mwone daktari

Je, msomaji, waweza kukumbuka wimbo uliokuwa ukiupiga sana wakati wa baridi ya Julai iliyopita? Na ule wa Desemba, shule zilipofungwa na watoto wakarudi nyumbani? Wengi watajibu upesi. Sasa jaribu kukumbuka ulivyojisikia moyoni mwezi huo huo wa Julai. Ulilala vipi? Ulikula vipi? Ulikuwa na hamu ya kazi au ulijikokota tu? Hapo wengi hukwama.

Ndiyo maana leo ninawaandikia kuhusu jambo ambalo huenda baadhi yenu mkadhani halina nafasi katika ukurasa wa afya, nalo ni zoea la kukusanya nyimbo za kila msimu. Zamani ilikuwa kanda. Kijana alinunua kanda tupu, akakaa kando ya redio kaseti akingoja mtangazaji anyamaze, kisha akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Juu ya jalada aliandika kwa kalamu: "Krismasi", "Likizo ya Aprili". Siku hizi ni simu, na kadi ndogo ya kumbukumbu inayojazwa nyimbo na kijana wa duka la simu pale sokoni. Chombo kimebadilika lakini kazi ni ile ile.

Siandiki haya kwa sababu muziki ni dawa. Nimechoka kusoma kwamba kitunguu ni dawa, jua ni dawa, kicheko ni dawa. Muziki hautibu malaria wala shinikizo la damu, na anayemeza tembe zake asiziache. Ninaandika kwa sababu nyimbo huhifadhi hali ya moyo wetu kuliko tunavyoweza kuihifadhi sisi wenyewe, na daktari anayejua moyo wa mgonjwa ulivyokuwa mwaka mzima hufanya kazi nzuri kuliko yule anayemwona siku moja tu, tena kwa dakika kumi.

Misimu ya huku kwetu

Kwa wasiopafahamu, Chepilat ni kituo cha biashara kwenye barabara ya kutoka Sotik kwenda Kisii, mpakani mwa kaunti za Bomet na Nyamira. Upande mmoja ni Wakipsigis, upande wa pili ni Abagusii, na pande zote mbili ni majanichai. Siku ya soko duka moja hupiga gitaa la Kipchamba arap Tapotuk, mkongwe wa Wakipsigis, na ng'ambo ya barabara benga ya Christopher Monyoncho humjibu kwa Ekegusii. Nyumba moja husikiliza Kass FM au Chamgei FM, jirani yake Egesa FM. Kila mgonjwa anayeingia kwangu ana nyimbo zake, lakini misimu inayozitenganisha ni ile ile.

Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake nchini Marekani walieleza ugonjwa wa huzuni unaorudi kila majira ya baridi, wakati siku zinapokuwa fupi na jua haba. Vijana waliosoma huniuliza kama na wao wanao. Mimi huwajibu kwamba sababu hiyo haituhusu sana. Chepilat haifiki hata digrii moja kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mchana mfupi kabisa wa mwaka ni dakika chache tu. Lakini hiyo haina maana kwamba misimu haitugusi. Huku kwetu msimu hauletwi na jua. Huletwa na mvua, majani na pesa.

Wakipsigis tangu jadi huugawa mwaka mara mbili, iwotet wa mvua na kemeut wa kiangazi. Mkulima wa majanichai huongeza migawanyiko yake. Masika ikishika, kati ya Machi na Mei, majani huchipuka haraka na mchumaji hulala amechoka asiwaze mengi. Mgongo unauma, vidole vinapasuka, lakini kila jioni kuna kilo za kuhesabu. Kisha Juni, Julai na Agosti: ukungu asubuhi, mvua ya mawe alasiri (nyanda za Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani), majani yanadorora, watoto wanakohoa, na watu wanakaa jikoni kando ya moto wakiwa na muda mwingi wa kuwaza. Oktoba huleta bonasi ya KTDA kwa wenye mashamba madogo. Hapo spika mpya hununuliwa, madeni hulipwa au hukwepwa, na baadhi ya wanaume hawaonekani nyumbani kwa siku kadhaa. Novemba na Desemba ni za sherehe, vijana wakiingia jandoni na ndugu wakirudi kutoka Nairobi. Halafu Januari. Karo, sare za shule, jua kali, majani haba.

Ukiniuliza ni miezi gani miwili ambapo naona watu wengi wenye mwili mzito usioeleweka, nitakujibu Julai na Januari. Hiyo ni hesabu ya macho yangu tu, wala si utafiti.

Asichokisema mgonjwa

Ni watu wachache sana wanaoingia chumba cha daktari wakasema kwamba wana huzuni. Husema kichwa. Husema mgongo, kifua kubana, tumbo kujaa gesi, usingizi kukatika saa tisa za usiku. Wanaume hasa husema "mwili hauna nguvu" na kuomba sindano ya vitamini. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu milioni 280 hivi duniani wana ugonjwa wa kushuka moyo, ambao wengi huuita sonona. Usidhani wote wako Ulaya.

Mama mmoja mchuma majani, mwenye umri wa miaka hamsini na kitu, alikuja mara tatu kwa ajili ya mgongo. Mara ya tatu nilikuwa nikiandika, na nje ya dirisha simu ya mtu ikaanza kuimba wimbo wa kanisani. Akasema, "Huo nilikuwa nauimba shambani, daktari. Sasa sijui niliacha lini." Nikaweka kalamu chini. Tuliporudi nyuma pamoja, mwezi baada ya mwezi, tukagundua kwamba alikuwa ameimba wakati wa masika yote, hata siku alizochuma akiwa na homa. Nyimbo zilikatika Juni. Kwa nini Juni, alinieleza, na hayo ni yake. Alipata matibabu na mtu wa kuzungumza naye kila wiki. Mwezi wa tisa aliniambia kwamba ameanza kuimba tena, ingawa ubeti mmoja mmoja tu, kwa kuwa mgongo nao ulikuwa unauma kweli.

Ninalotaka ulishike hapa ni kwamba ugonjwa wa kushuka moyo hauji kila mara na machozi. Mara nyingi huja kwa kuondoa ladha. Chakula ni kile kile, mtoto ni yule yule, wimbo ni ule ule, lakini hakuna kinachofika ndani. Madaktari katika nchi nyingi huanza na maswali mawili mafupi kuhusu wiki mbili zilizopita: je, umekosa hamu au furaha katika mambo unayofanya? Je, umejisikia mwenye huzuni au kukata tamaa? Mgonjwa wa huku kwetu akiulizwa swali la kwanza hivyo, hujibu "hapana" kwa adabu. Lakini ukimwuliza, "Bado unapiga nyimbo zako?" hunyamaza kidogo kabla ya kujibu.

Kwa hiyo wimbo ulioupenda ukikosa ladha kwa siku moja, hayo ni maisha. Ukikosa ladha kwa wiki mbili mfululizo, pamoja na usingizi kuharibika au chakula kukushinda, njoo utuone. Usije ukitaka dawa ya moyo kabla ya kupimwa damu. Upungufu wa damu, tezi ya shingo iliyolegea, kisukari, kifua kikuu na virusi vya Ukimwi vyote vyaweza kukufanya ujikokote namna hiyo hiyo. Na mtu wa nyanda hizi akichoka ghafla baada ya masika na kupata homa, apimwe malaria siku hiyo hiyo. Miaka ya 1990 nyanda za Kericho zilipata mikurupuko mibaya ya malaria iliyofuata mvua, na wengi waliougua walikuwa wakiamini kwamba huo ni ugonjwa wa watu wa ziwani.

Ikiwa mawazo ya kujiua yamekujia, usingoje wiki mbili. Mwambie mtu leo, kisha mje pamoja hospitalini. Wengi walikuwa wakificha kwa kuogopa polisi, kwa kuwa kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Hospitalini hutapelekwa kwa mtu mwenye pingu.

Namna ya kukusanya

Hakuna ufundi mkubwa. Kila msimu unapokwisha, nawe ndiwe unayejua misimu yako, andika nyimbo kumi au kumi na tano ulizozisikiliza. Ziweke pamoja katika simu na uupe mkusanyo jina la msimu na mwaka: "Masika 2025", "Baridi 2025", "Bonasi 2025". Asiye na simu ya namna hiyo aandike katika daftari; majina ya nyimbo yatatosha, kwa sababu wimbo wenyewe uko kichwani.

Kosa la kwanza ninaloliona ni watu kuchagua nyimbo nzuri. Hatutaki nyimbo nzuri. Tunataka zile zilizopigwa. Kama msimu wote ulisikiliza wimbo mmoja wa mapenzi yaliyovunjika mara thelathini kwa wiki, huo ndio wa kwanza katika orodha, hata kama unaona aibu. Kama matatu ya asubuhi ilikupigia wimbo usioupenda hadi ukaukariri, uweke. Kando ya kila wimbo andika maneno machache: ulikuwa wapi, na nani, ulilala vipi siku hizo. Mwalimu mmoja wa huku huandika neno moja tu, "nimelala" au "sijalala", na kwangu hilo lina faida kuliko barua ya kurasa mbili.

Msimu ambao huna nyimbo za kuandika pia uandike. Acha ukurasa mtupu wenye tarehe juu yake. Baada ya miaka miwili au mitatu utaona mwenyewe kama ukurasa mtupu huangukia kila Januari, na hapo waweza kujitayarisha: kuweka akiba ya karo mapema, kumwambia dada yako akutembelee mwezi huo, kuja kliniki mwezi wa kumi na mbili badala ya wa pili. Mwenye kunywa dawa za kushuka moyo hasa asiziache Desemba kwa kuwa amefurahi, akaja kuzitafuta Februari.

Je, kusikiliza nyimbo kwenyewe kunasaidia? Kidogo. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2017 yalionyesha kwamba tiba ya muziki ikiongezwa juu ya matibabu ya kawaida huwapa wagonjwa wa kushuka moyo nafuu ya muda mfupi kuliko matibabu hayo peke yake. Lakini hiyo ni tiba inayosimamiwa na mtu aliyefunzwa, nayo ni tofauti na kujilaza kitandani na simu kifuani. Mwenye huzuni akipiga nyimbo za huzuni usiku kucha aweza kujizamisha zaidi. Ushauri wangu ni kwamba baada ya wimbo wa pili wa kilio uinuke utoke nje, hata kama ni ukunguni.

Pana nyimbo za kugusa kwa uangalifu. Chepilat ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizoumizwa na mapigano ya mapema 2008. Wapo watu wa pande zote mbili za barabara ambao wimbo uliovuma redioni majuma hayo, hata uwe wa injili, huwarudishia moshi na mbio. Mapigo ya moyo huenda kasi, jasho linatoka, mtu anainuka na kuondoka dukani bila kuchukua chenji. Huo si wazimu wala ushirikina. Ni kidonda cha akili chenye jina na matibabu yake, na mwenyewe asilazimishwe na yeyote kuusikiliza wimbo huo "ili azoee". Kazi hiyo ina wataalamu wake.

Na masikio yenyewe je? Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima aweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila hatari kubwa. Ukipandisha hadi 90, zinabaki saa 4. Ukifika 100, ni dakika 20 hivi kwa wiki nzima. Simu nyingi zikifunguliwa hadi mwisho kupitia vipokea sauti vya masikioni hufika huko. Kanuni rahisi ni kwamba mtu aliye hatua moja kutoka kwako akikuita kwa sauti ya kawaida na usimsikie, umezidisha. Wanaoendesha mashine za kukata majanichai wana kelele ya kutosha tayari. Wanahitaji vizibo vya masikio, wala si muziki wa kushindana na injini. Na wewe wa boda boda uliyeziba masikio yote mawili kwa benga, lori linalotoka Sotik halijui kwamba una wimbo mtamu.

Wazee na kanda zao

Utafiti mwingi juu ya kumbukumbu umeonyesha kwamba watu wazima hukumbuka zaidi mambo ya kati ya umri wa miaka 10 na 30 hivi, na nyimbo za miaka hiyo hudumu kuliko nyingine. Hata mzee anayesahau jina la mwanawe kwa sababu ya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu aweza kufuata wimbo wa ujana wake hadi mwisho. Huko New York, mpango wa Dan Cohen ulioanza 2006 huwawekea wazee wa makao ya kutunzia wagonjwa nyimbo zao wenyewe masikioni. Wimbo haurudishi kumbukumbu iliyopotea, lakini mara nyingi hupunguza fadhaa ya jioni, na binti anayemwogesha hupata nusu saa ya amani.

Sisi wa nyanda hizi tuna mfano wetu, tena wa karibu. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alifika Kapkatet na vyombo vyake vya kurekodi. Miongoni mwa nyimbo alizozinasa ni "Chemirocha", jina ambalo Wakipsigis walimpa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani waliyemsikia kupitia santuri za gramafoni. Rodgers mwenyewe alikuwa amekwisha kufa tangu 1933, akiwa na umri wa miaka 35, kwa kifua kikuu, ugonjwa ambao wakati huo haukuwa na dawa na leo unatibika kwa tembe za miezi sita. Nyimbo za Kapkatet zilihifadhiwa Afrika Kusini katika maktaba ambayo Tracey aliianzisha 1954. Miaka 65 hivi baada ya kurekodiwa, nakala zililetwa nyumbani, na wazee waliokuwa vijana mwaka ule wakaisikia sauti ya ujana wao.

Si kila familia itangojea maktaba. Ukiwa na baba au nyanya aliyepita miaka sabini, keti naye jioni moja angali anakumbuka, umwulize: ulipotoka jandoni mliimba nini? Harusini? Mlipokuwa mkivuna wimbi? Mwache aimbe, nawe urekodi kwa simu. Andika jina la wimbo, msimu wake na aliyekuwa akiuongoza. Siku akianza kupotea njia ya kwenda chooni, umlete kwetu apimwe, kwa kuwa si kila usahaulifu ni uzee: shinikizo la damu, upungufu wa vitamini B12 na dawa anazokunywa zaweza kuuleta. Ukimleta, njoo na simu yenye nyimbo hizo. Kwa mgonjwa mwenye fadhaa huwa naanza na wimbo kabla ya kumfunga mkanda wa kupima shinikizo la damu.

Na kama chini ya kitanda kuna sanduku la kanda za zamani, jua kwamba utepe wake huharibiwa na unyevu, na huku kwetu ukungu hauna likizo. Zitoe wakati wa jua la Januari, zikae kivulini penye hewa kavu, zizungushwe polepole mbele na nyuma mara moja kabla ya kupigwa. Kisha mpelekee yule kijana wa duka la simu azihamishe, na umwambie asifute ulichoandika juu ya majalada.